Mwongozo kamili wa kupeleka kundi la wanafunzi nje ya nchi kuona sehemu za kihistoria

Kabla hujafungua hata tovuti moja ya ndege, weka hili kichwani: kundi halitembei kwa kasi ya kiongozi, linatembea kwa kasi ya yule kijana wa mwisho ambaye kamba ya kiatu imefunguka na simu imeisha chaji na bado anataka kwenda chooni. Makosa yangu karibu yote kwenye tripu za wanafunzi yalitokana na kupanga kama mtu anayesafiri mwenyewe. Ukiwa peke yako kutoka kituo cha treni mpaka getini ni dakika 10, ukiwa na vijana 24 ni dakika 30 na hapo hamjakosea njia. Kwa hiyo kila hatua hapa chini isome ukimfikiria huyo wa mwisho.

Hatua ya 1: Chagua mahali kwa sababu ya somo

Watu wengi wanaanza na picha waliyoona mtandaoni. Anza na kitu wanachosoma. Wakiwa kwenye historia ya biashara ya watumwa, kisiwa cha Gorée kule Senegal kitawaambia mambo ambayo kitabu hakiwezi. Wakisoma ubaguzi wa rangi kuna Robben Island kule Afrika Kusini, ambako Mandela alikaa miaka 18 kati ya ile 27 ya kifungo chake na wamekuwepo waongozaji ambao wenyewe walifungwa pale. Ustaarabu wa kale, hapo una piramidi za Giza kule Misri, Athens, Roma, Petra kule Jordan, Machu Picchu kule Peru, chagua mwenyewe.

Ila chagua mji mmoja, au miwili kama siku zinazidi saba. Ukikutana na wakala anakuuzia nchi tano kwa siku nane mkimbie, maana hapo wanafunzi wataona madirisha ya basi tu. Roma peke yake ina Colosseum (uwanja wa kale wa michezo), Forum (magofu ya kitovu cha mji wa kale), Pantheon (hekalu la kale) na Vatican, na vyote mnavifikia kwa miguu na treni ya chini ya ardhi.

Angalia na umri pia. Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi kule Poland, kiingilio ni bure ila uongozi wa pale wenyewe haushauri watoto chini ya miaka 14, na mimi naongeza kwamba hata wa miaka 16 wanahitaji kuandaliwa wiki kadhaa kabla, sio mnashuka kwenye basi ndo mnaanza kuelezana. Kama mnaenda Peru kuna suala la mwinuko: watu wanaogopa Machu Picchu ambayo iko mita 2,430 hivi wakati mji wa Cusco mnakofikia ndo uko juu zaidi, kama mita 3,400, na ni huko vichwa vinauma na watu wanatapika. Siku mbili za kwanza ziache tupu, watembee polepole, wanywe maji.

Hatua ya 2: Kalenda, na hapa usiwe na haraka

Nimewahi kusimama na kundi zima mbele ya geti lililofungwa, wanafunzi wote wananiangalia mimi, na kosa lilikuwa langu asilimia mia kwa sababu sikuangalia siku. Makumbusho ya Louvre pale Paris yanafungwa Jumanne. Versailles na Musée d'Orsay ni Jumatatu, kwa hiyo Paris ukichanganya hizo siku mbili unaharibu nusu ya safari. Taj Mahal inafungwa Ijumaa. Jumba la Wafalme pale Beijing kwa kawaida Jumatatu, jumba la Topkapı la Istanbul ni Jumanne. Makumbusho ya Vatican yanafungwa Jumapili isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi ambapo kuingia ni bure, na usifurahi sana maana foleni ya siku hiyo inazunguka ukuta, kwa kundi la wanafunzi ni mateso.

Halafu kuna hali ya hewa. Julai 2023 Ugiriki ilipigwa na joto kali mpaka Acropolis, kile kilima cha mahekalu ya kale pale Athens, ikawa inafungwa masaa ya mchana, na mtu aliyekuwa na tiketi ya saa saba mchana alibaki chini ya kilima. Sehemu za joto weka kivutio kikubwa asubuhi geti likifunguliwa tu. Robben Island mnaenda kwa boti na bahari ikichafuka boti haitoki, kwa hiyo usiiweke siku ya mwisho, iweke mwanzoni ili mkikosa mpate pa kuihamishia. Misikiti ya Istanbul ina nyakati za swala ambazo watalii hawaingii, na Ijumaa mchana ndo kabisa usipange.

Ukimaliza hilo angalia sikukuu za nchi mnayokwenda. Dakika tano tu ila zinaokoa mengi.

Hatua ya 3: Watu wazima, pesa, na karatasi ya makubaliano

Mtu mzima mmoja kwa wanafunzi nane mpaka kumi ndo napendelea, na kundi hata liwe dogo vipi usiende na chini ya watu wazima wawili. Sababu ni rahisi, mmoja akienda hospitali na mgonjwa nani anabaki na wengine? Kama kundi lina wasichana na wavulana basi na viongozi wawe wa jinsia zote mbili.

Bajeti igawe hivi: nauli, viza, bima, malazi, usafiri wa ndani, viingilio, chakula, na akiba ya asilimia 10 mpaka 15 ambayo haiguswi. Watu wanasahau usafiri wa ndani na mizigo ya ndege za bei nafuu, unakuta tiketi ni rahisi ila begi linalipiwa peke yake.

Kabla hujapokea hata senti moja andika karatasi inayosema mzazi akijitoa anarudishiwa kiasi gani na mpaka tarehe ipi, na viza ikikataliwa inakuwaje. Hili ndo linavunja urafiki kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hoteli na ndege zimeshalipwa na mzazi anadhani pesa umekaa nayo wewe. Wasaini wote.

Na kuna fomu ya afya: pumu, kifafa, mzio wa karanga, dawa anazotumia na jina lake halisi la kitaalamu, sio "vile vidonge vyeupe".

Hatua ya 4: Paspoti na viza, anzeni mapema kuliko mnavyofikiri

Miezi tisa kabla, kusanya nakala za paspoti zote. Nchi nyingi zinataka paspoti iwe na miezi sita mbele, na kwenye kila kundi hakosi mmoja ambaye yake inaisha mwezi mmoja baada ya safari. Angalia na jina herufi kwa herufi, kwa sababu ndo litaandikwa kwenye viza, kwenye tiketi ya ndege na siku hizi mpaka kwenye kiingilio.

Nichukue mfano wa Schengen, ule ukanda wa nchi zinazotumia viza moja, maana nchi nyingi za Ulaya ziko humo. Kwa wanaohitaji viza, ombi linapelekwa sio zaidi ya miezi sita kabla na sio chini ya siku 15 kabla ya safari. Majibu kwa kawaida ni siku 15 ila yanaweza kufika 45, kwa hiyo ukipeleka mwezi mmoja kabla unacheza kamari na watoto wa watu. Bima ya matibabu ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu na iendelee kufanya kazi miezi mitatu baada ya kutoka kule. Mkienda nchi zaidi ya moja, mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, siku zikilingana mnaomba kwa ile mnayoingia kwanza. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: wanafunzi na walimu wanaoongozana nao kwa safari ya masomo wamesamehewa ada ya viza kwenye kanuni za Schengen, ila barua ya shule au chuo lazima iseme wazi kwamba ni safari ya masomo na iorodheshe majina. Kituo cha kupokea maombi kinaweza kukudai gharama zake za huduma, hiyo ni nyingine.

Wenye umri chini ya miaka 18 wanahitaji barua ya idhini ya wazazi wote wawili, iliyogongwa muhuri na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Tembea nazo mkononi, zisikae kwenye begi linaloenda tumboni mwa ndege, maana afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza hawa watoto ni wa nani.

Mambo mawili ya kumalizia. Chanjo ya homa ya manjano kama nchi inaitaka: cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kinadumu maisha yote hata kama kile cha zamani kimeandikwa miaka 10. Pili, viza ya kupitia. Mnabadilisha ndege uwanja gani? Kuna nchi zinataka viza hata kama hamtoki nje ya uwanja, na inategemea paspoti ya kila mmoja, kwa hiyo kama kundi lina uraia mchanganyiko kagua mmoja mmoja.

Hatua ya 5: Ndege

Mashirika mengi yanahesabu watu 10 na kuendelea kama kundi. Ongea na kitengo cha makundi badala ya kubuku mtandaoni, kwa sababu mara nyingi unalipa kishika nafasi kwanza na majina unayapeleka baadaye, ambayo kwa wanafunzi ni dhahabu maana lazima kuna atakayejitoa. Kati ya ndege na ndege usikubali saa moja. Wote mmepita ukaguzi, mmoja karudishwa kwa sababu ya chupa ya losheni, mlango unafungwa. Mimi chini ya masaa mawili na nusu sichukui.

Hatua ya 6: Viingilio

Zamani ulifika, ukapanga foleni, ukaingia. Sasa hivi sehemu kubwa zote zinauza tiketi kwa saa. Anne Frank House ya Amsterdam, nyumba aliyojificha yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara wakati wa Wanazi, inauza mtandaoni tu, na tiketi zinaachiwa kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele na zinaisha haraka. Alhambra, ngome ya wafalme Waislamu kule Granada Hispania, tiketi yako ina saa kamili ya kuingia majumba ya Nasrid, ukichelewa umekosa, hata ulie. Colosseum tiketi zina majina na mlangoni wanaangalia kitambulisho. Kuba la bunge la Ujerumani pale Berlin ni bure lakini unajiandikisha kabla kwa jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu. Machu Picchu mnachagua na njia ya kupita humo ndani, na kuna njia ambazo hazifiki kwenye ile sehemu ya picha maarufu, sasa fikiria umeleta vijana 20 kutoka mbali halafu hiyo ndo njia uliyonunua.

Bure haimaanishi huna haja ya kubuku. Sehemu za serikali za Italia wa chini ya miaka 18 hawalipi, Louvre vilevile, ila nafasi ya saa fulani bado mnaihitaji na kundi lina utaratibu wake tofauti na mtu mmoja. Waandikie barua pepe, wengi wana kitengo cha shule na wanajibu vizuri tu. Na panga kufika dakika 45 kabla ya saa iliyoandikwa, yule wa mwisho bado anafunga kamba.

Mwongoza watalii mchukue mwenye leseni. Kwenye nchi kama Ugiriki na Italia hiyo ni kazi ya leseni kisheria, na mwalimu anayesimama katikati ya magofu anapiga lekcha ndefu anaweza kufuatwa na kuulizwa.

Hatua ya 7: Ratiba ya siku

Kanuni yangu ni kivutio kikubwa kimoja asubuhi, kidogo kimoja mchana, basi. Ukiona ratiba yako ina vitu vinne kwa siku futa viwili, na usihuzunike, kwa sababu hivyo vya tatu na vya nne hakuna anayevikumbuka, miguu inauma watu wanatafuta pa kukaa tu.

Mfano wa siku Roma. Saa 2 na nusu asubuhi mko Colosseum, jengo lililozinduliwa mwaka 80 enzi ya Titus, mnaingia na kundi la kwanza kabla jua halijawaka. Mnatoka kwenda Forum iliyo jirani, saa moja na nusu. Chakula, na hapo kaeni kweli, saa nzima au zaidi. Alasiri Pantheon, ambalo kuba lake mpaka leo ndo kubwa kuliko yote duniani ya zege isiyo na nondo, na juu kuna tundu, mvua ikinyesha inaingia ndani, hilo wanafunzi hawalisahau. Jioni wako huru kwenye eneo mlilokubaliana, watatu watatu, mpaka saa fulani.

Choo kiandike kwenye ratiba. Sitanii. Ndani ya ule mpasuko wa miamba wa Petra wa zaidi ya kilomita moja hakuna choo pembeni, kwa hiyo kabla ya kila kivutio ni amri: wote chooni, hata anayesema hana.

Hatua ya 8: Waandae vichwa kabla ya miguu

Hii ndo inayotofautisha tripu ya masomo na matembezi. Mwezi mmoja kabla, kila wawili wape sehemu moja, waisome, wakifika pale wao ndo wanaeleza wenzao kwa dakika tatu kabla ya kuingia. Chagua vitu vyenye mgogoro ndani yake. Parthenon ya pale Acropolis kwa mfano, ilijengwa kuanzia 447 mpaka 432 kabla ya Kristo kama hekalu, ikawa kanisa, ikawa msikiti, na mwaka 1687 baruti iliyohifadhiwa humo ililipuka Wavenisi walipoipiga mizinga. Halafu sanamu zake nyingi ziko London, Wagiriki wanazidai. Wape vijana swali hilo zirudi au zisirudi, halafu uone kama kuna atakayelala kwenye basi. Hagia Sophia ya Istanbul nayo, kanisa tangu 537, msikiti 1453, baadaye makumbusho, na 2020 ikarudi kuwa msikiti, kwa hiyo mnaingia kwenye nyumba ya ibada, wasichana wafunike nywele.

Hatua ya 9: Mizigo

Viatu vilivyoshazoea mguu, sio vipya. Marumaru ya Acropolis imesuguliwa na miguu ya karne nyingi inateleza kama sabuni, na viatu vya kisigino kirefu Ugiriki walishavipiga marufuku kwenye magofu. Nguo inayofunika mabega na magoti, bila hiyo kanisa la St Peter's pale Vatican hamuingii, na hekalu la Angkor Wat kule Kambodia sehemu ya juu hivyohivyo. Khanga au mtandio mmoja kwenye begi unamaliza kesi.

Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, haiendi kwenye mzigo mkubwa, na isizidi wati-saa 100, ile ya mAh 20,000 ni kama 74 iko salama. Vimiminika mkononi mililita 100 kila chupa. Dawa kwenye pakiti yake na cheti cha daktari. Plagi ya kubadilishia, Uingereza ni ya pini tatu bapa, sehemu kubwa ya Ulaya bara ni pini mbili za duara. Begi kubwa la mgongoni liache hotelini, sehemu nyingi hazilipokei.

Hatua ya 10: Mkiwa barabarani

Kila mwanafunzi ana namba. Sio kuita majina, mnahesabu namba kwa sauti, moja mpaka ishirini na nne, sekunde 20 mmemaliza. Mnahesabu mkitoka hotelini, mkipanda, mkishuka, mkiingia, mkitoka. Mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma kabisa, na wa nyuma haruhusiwi kumpita mtu.

Treni ya chini ya ardhi ina sheria yake na waifanyie mazoezi: aliyeachwa abaki palepale kituoni asiondoke, walioondoka washuke kituo kinachofuata, mtu mzima mmoja arudi kumchukua. Ikiwa pande zote mbili zinatafutana ndo mnapoteana kabisa.

Kila mmoja awe na kadi ya karatasi yenye jina la hoteli, anwani kwa maandishi ya nchi ile, namba za viongozi wawili, na namba ya dharura, ambayo kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112. Ya karatasi, kwa sababu simu huisha chaji siku hiyohiyo mtu anapopotea.

Wezi wa mifukoni wako kila kwenye kivutio, wanapenda milango ya treni na watu wanaoangalia juu. Anayekufunga bangili mkononi "zawadi" atakudai hela. Giza kule wenye ngamia, kupanda bei ni ndogo, kushuka ndo unaambiwa bei nyingine, kwa hiyo mkubaliane kwenda na kurudi kabla mguu haujatoka chini. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa hela ya kwenu au ya kule, chagua ya kule, ile nyingine wanakubadilishia kwa kiwango chao.

Adabu nayo isemwe kwa sauti. Hakuna kuchora wala kukwangua jina ukutani, ni kosa la jinai na faini yake inaweza kumaliza bajeti yenu yote. Kanisa dogo la Sistine pale Vatican hakuna picha kabisa, dari aliyoichora Michelangelo kati ya 1508 na 1512 iangalie kwa macho. Ngazi za Spanish Steps Roma tangu 2019 hata kukaa unatozwa faini. Piramidi hazipandwi. Auschwitz na Gorée hakuna selfi za kucheka, na kama kuna mwanafunzi anacheka mara nyingi ni woga, mtoe pembeni kimyakimya usimfokee mbele za watu.

Hatua ya 11: Likitokea la kutokea

Paspoti ikipotea: polisi kwanza mpate karatasi, halafu ubalozi wa nchi yake na ile nakala uliyokusanya miezi tisa nyuma pamoja na picha ndogo mbili, watampa hati ya dharura ya kurudi. Kama nchi yake haina ubalozi pale, jua kabla ya safari ni ubalozi upi wa jirani unaoihudumia.

Mgonjwa: kama hali ni mbaya hospitali moja kwa moja, kama sio, pigia simu bima kwanza wakwambie mwende wapi, la sivyo mnaweza kulipa mfukoni na baadaye waanze kubishana na nyie. Risiti zote tunza.

Wazazi wawe na kundi moja la wasap ambalo wanaandika viongozi tu, ujumbe mmoja jioni, "wote 24 wamekula wako vyumbani". Ukianza kujibu kila mzazi peke yake hutalala.

Usiku wa mwisho kusanya paspoti zote, zihesabu mbele yao, kaa nazo mwenyewe. Kagua vyumba wakiwa ndani na asubuhi tena wakiwa wametoka, angalia chini ya mto na kwenye soketi ya ukutani, kuna chaja hapo, huwa ipo. Basi la uwanjani likipangwa saa kumi na moja alfajiri waambie saa kumi na nusu, na yule wako wa mwisho mwambie saa kumi.